Oili ya Rambirambi

Baba Kerubo,

Lori lako zima. Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Ningeanza na afya yangu, au na Kerubo na kazi yake ya Nairobi, ungekuwa unaitikia "ehe, ehe" huku macho yako yako uani, unangoja nifike kwenye gia. Basi nimefika. Jana Enchogu alipanda kile kilima cha kituo cha majani, amebeba chai ya watu, matope yakimfika kwenye ekseli, na giaboksi haikulia hata mara moja. Sasa kaa utulie nikueleze tulivyokaribia kumuua, tena kwa mapenzi.

Tangu tukuzike hapo kulia mwa mlango, nyumba imekuwa kubwa. Sikujua kwamba mtu mmoja, tena mwembamba kama wewe, alikuwa anajaza vyumba vyote hivi. Asubuhi nachemsha chai ya watu wawili. Si kwamba nimesahau. Mkono ndio haujaambiwa. Kikombe cha pili nakimwaga kwenye mgomba wa nyuma ya jikoni, na mgomba huo umenawiri kuliko mimi.

Watu wako ni wema, sikatai. Wanakuja, wanakaa, wanaimba nyimbo za kanisa, wanaacha ndizi na mboga mlangoni. Lakini wanazungumza Kigusii. Nakisikia chote baada ya miaka yote hii, naweza kununua ng'ombe kwa Kigusii na kugombana na muuzaji kwa Kigusii. Kulia kwa Kigusii ndiko sijaweza. Kiswahili kilikuwa chetu sisi wawili, tangu Changamwe, na watu wa mji huu walizoea kutucheka kwamba tunaongea kama redio. Siku hizi nakisema na kuku. Dada yangu anapiga simu kila Sabato jioni, ananiambia nirudi Pwani, unakaa na nani huko kwenye baridi? Namwambia nakaa na ndovu. Anadhani huzuni imenipanda kichwani, hajui kwamba ndilo jina ambalo kijiji kizima kililipatia lori lako, Enchogu kwa Kigusii, siku ulipolileta kutoka mnadani, kijani la jeshi, magurudumu sita na yote yanavuta.

Unakumbuka lakini ilianzia wapi? Nilikuwa nyuma ya kaunta ya lile duka la speapati, msichana mwenye kucha ndefu na jibu la kila mtu. Ukaingia na sare yako, fundi wa magari ya jeshi, kwa sababu stoo ya kambi ilikuwa imeishiwa. Ukaomba oili ya gia ya lori la zamani. Nikakupa ile waliyokuwa wananunua wote. Ukafungua kifuniko, ukanusa, ukachovya kidole, ukaisugua na kidole gumba mpaka foleni ikaanza kunung'unika nyuma yako, halafu ukairudisha. Nikakwambia, mchagua jembe si mkulima. Ukanijibu bila hata kuinua macho, "Si mkulima, ndiyo. Lakini shamba lake halimli." Nilikasirika siku nzima. Kesho yake nilijikuta nakutazamia mlangoni.

Nilidhani nimeolewa na askari, kumbe nimeolewa na mpishi. Mwaka wa kwanza hapa Nyamira nilikufokea mpaka majirani wakaja. Nani aliyewahi kuona mwanamume anabandika mkebe wa oili jikoni kwa mkewe, karibu na maharagwe? Ulikuwa unakata kipande cha waya wa umeme, unauchuna plastiki, unaisugua shaba yake kwa stilwaya mpaka ing'ae, kisha unaitumbukiza kwenye mkebe. Mkebe unauketisha ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Maharagwe huku, oili kule, moto mmoja. Maharagwe yakiiva na waya umeiva. Ukitoka na rangi yake, oili inafaa. Ukitoka mweusi, oili hiyo haiingii kwenye giaboksi ya Enchogu hata iuzwe na malaika. Na harufu ile ya mayai viza ikabaki kwenye mapazia yangu mpaka Krismasi.

Uliniambia hivi, na nilijifanya sisikii, lakini nilisikia. Oili kali, ile wanayoiita GL-5, ina dawa ya salfa ya kulinda meno ya chuma yanayobanana kwa nguvu, kama ya difu, kule katikati ya ekseli. Chuma huipenda. Shaba inaliwa nayo. Na giaboksi ya lori la zamani ina bushi, pete ndogo za shaba, ndani yake, zilizochongwa enzi ambazo dawa hiyo haikuwa imeenea. Haiui siku moja. Inalamba polepole, mwaka, miaka miwili, gari linakwenda vizuri na kila mtu anasifu, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Siku bushi zikiisha hakuna pa kununua nyingine. Kwa hiyo Enchogu hutiwa GL-4, namba tisini, isiwe nzito kama asali, maana asubuhi za huku ni za baridi na oili nzito haifiki kwenye bushi mapema. Na ukaongeza kwamba si kila GL-5 ni mbaya, nyingine zimetulizwa dawa yake, ndiyo maana mtu asitosheke na kibandiko. Apike.

Sasa sikiliza.

Jumapili ya kabla ya hii iliyopita mdogo wako Ondieki alikuja na madereva wenzake wa malori ya chai. Walivaa vizuri. Nilidhani ni ibada nyingine, nikaandaa mkate na soda. Wakaingia wamebeba jerikeni moja, wakipokezana wawili wawili, kama wanaleta mahari, wakaliweka mezani juu ya kile kitambaa changu cha kufuma. Ondieki akasimama. Unamjua akisimama.

"Shemeji," akasema, "watu huleta sukari, huleta unga. Sisi tumesema hapana. Ndugu yetu alipenda hii gari kushinda sisi wote. Oili yake imefika wakati ya kubadilisha, na mvua ndio hiyo imeanza. Tumechanga sisi wote. Hii si oili ya mchezo. Hii ni GL-5, mia na arobaini, ile ya juu kabisa. Jumapili ijayo tunakuja kumwaga sisi wenyewe, pamoja na wewe."

Mzee wa kanisa aliyekuwa pamoja nao akaweka mkono juu ya kifuniko, akaiombea. Aliomba kwa kirefu. Aliiombea oili, akawaombea watakaoimwaga, akaniombea na mimi. Wote wakasema amina, na mimi nikasema amina. Ningefanya nini? Ulikuwa wapi wewe wakati huo? Nilikukasirikia, Baba Kerubo. Nilikukasirikia kweli, nikiwa nimeshika sahani ya mkate, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa saa yako ya kukohoa na kusema, "Asanteni sana, lakini."

Walipoondoka nilikaa nalitazama lile jerikeni. Nikiimwaga kwenye giaboksi, nitakuwa nimeanza kumuua Enchogu kwa mkono wangu, huku nikijua. Na bila yeye, akina mama wa kule bondeni watabeba chai yao kichwani msimu wote wa mvua, maana malori mapya yanaishia pale daraja linapoanza kuteleza. Nikiikataa, nimekataa rambirambi ya watu ambao ndio pekee nilio nao huku. Mimi ni mke wa kuja. Mke wa kuja mwenye mume anaweza kuwa na maneno mengi, watu watacheka. Asiye na mume akikataa zawadi ya msiba, atasalimiwa tu barabarani, na kusalimiwa tu ni baridi kuliko baridi ya Nyamira. Nilitamani sana uniamulie. Nilitoka nikasimama pale kaburini kwako, nyasi zimeanza kuota, nikakuuliza kwa sauti. Jirani alikuwa anapita na ng'ombe wake, akaharakisha.

Nikaingia jikoni nikabandika maharagwe.

Waya ulitoka mweusi. Nilijaribu kujidanganya kwamba ni moshi. Nikausugua na sketi, weusi haukutoka. Labda mkebe ulikuwa mchafu, nikasema. Nikaosha mkebe, nikapika upya, maharagwe mengine, nikayala peke yangu siku mbili. Mweusi tena, na ile harufu yako ikarudi kwenye mapazia. Nilikaa kwenye kigoda nikawa naivuta. Uliwahi kuona mtu analia kwa harufu ya mayai viza?

Basi nikaanza kutafuta oili yenyewe, ile laini, nione kwanza kama ipo. Nilijua ulikuwa unaitoa mbali, lakini mimi sikuwahi kuuliza ni wapi. Ulikuwa unatoka asubuhi, unarudi na makopo. Kebirigo nilizunguka maduka yote. Wananiambia, "Mama, hii moja ni ya kila kitu, giaboksi, difu, yote." Si waongo, ndivyo ilivyo kwa magari yao. Ikonge nikapata kijana wa matrekta, naye hakuwa nayo, ila akaniambia nijaribu Ogembo, kuna mzee anauza vitu vya magari ambayo hayapo tena.

Nilikwenda Ogembo. Ni duka jembamba, limebanwa kati ya kinyozi na mahali pa kuuza mbegu. Mzee mwenyewe amevaa sweta mbili. Nikamwomba GL-4, namba tisini, ya lori la zamani la jeshi. Akanitazama sana.

"Hiyo watu hawataki siku hizi," akasema. "Iko tu ya mtu mmoja. Mwanajeshi fulani wa huko Nyamira. Huyo huja na waya kwa mfuko, ananiambia, mzee, uko na moto? Mimi namwambia, hapa ni duka, si hoteli." Akacheka mpaka sweta zote mbili zikatikisika.

Nikamwambia huyo ni mzee wangu.

Ungeona alivyofurahi! Alitoka nyuma ya kaunta akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniletea kiti. "Na mbona amepotea hivi? Nimemwekea makopo yake huko nyuma. Watu wa trekta wanaomba, mimi nakataa, nasema hii ina mwenyewe. Yuko wapi?"

Baba Kerubo, neno lilikuwa mdomoni. Tangu ufe nimelisema kwa watu wengi: benki, kanisani, kwa daktari, kwa muuza maziwa. Limekuwa jepesi, nalisema kama naomba chumvi. Pale lilikataa. Mzee yule alikuwa anatazama mlangoni nyuma yangu, kana kwamba unaegesha lori na utaingia sasa hivi ukipangusa mikono. Nilitazama na mimi.

Nikasema, "Yuko nyumbani."

"Haya, mpe salamu sana. Mwambie asitume mama safari yote hii, aje mwenyewe tubishane." Akaniingizia makopo kwenye gunia, akalifunga kwa kamba, akanisindikiza hadi stendi. Njia nzima alikuwa ananisimulia habari zako. Nyingine sikuwa nazijua. Kumbe ulikuwa unamwambia mke wako ana pua kali kuliko maabara! Nyumbani hukuwahi kunisifu hivyo, ulikuwa unasema nina kelele.

Oili yake niliipika. Samahani kwake, lakini ungenipikisha hata ungekuwa umeitengeneza wewe. Waya ulitoka na rangi yake, umepiga wekundu kidogo kama ngozi ya mtoto aliyeoga maji moto. Hiyo ndiyo oili yako. Lakini jerikeni bado lilikuwa mezani, na Jumapili ilikuwa imefika.

Nilimwita Ondieki aje mapema kabla ya wenzake. Nilikuwa nimejipanga kwa Kigusii, neno kwa neno, kwa adabu zote, na yote yakanitoroka pale alipovuka kizingiti, kwa sababu siku hizi anatembea kama wewe. Sijui kama alikuwa anatembea hivyo zamani. Nikamwekea waya mbili kwenye sahani nyeupe, mweusi na mwekundu, nikamweleza kwa Kiswahili, haraka haraka, kama mtu anayekiri wizi. Nikamwambia mweusi ni wa zawadi yenu.

Aliuchukua ule mweusi akausugua na kidole gumba. Akausugua tena. Nikafikiri nimempoteza.

"Shemeji," akasema mwishowe, "tungemuua." Halafu akasema, "Na mzee wa kanisa aliombea hii kitu!" Akaanza kucheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, tulicheka tukiegemea meza, jerikeni likiwa katikati yetu. Na ndani ya kicheko hicho hicho akaanza kulia. Siku ya mazishi hakulia. Alikuwa anahangaika na tenti, na chakula, na kipaza sauti kilichokuwa kinakata. Alikuwa ameshikilia kila kitu cha watu. Sasa alilia mdogo wako, dereva mzima mwenye kitambi, kichwa juu ya kitambaa changu cha kufuma. Nikamwekea mkono mgongoni. Nilikuwa nimekaa wiki zote hizi nikidhani kwamba katika boma hili aliyeachwa peke yake ni mimi.

Alipotulia nikamwambia zawadi yao haikosi mahali. Difu ni chuma kwa chuma, hakuna shaba mle, na dawa ile kali ndiyo inayotakiwa. Enchogu ana difu tatu, zote zina kiu. Maombi hayapotei, yatasogea tu nyuma kidogo ya giaboksi. Akajifuta uso akasema, "Basi mimi ndio nitawaambia." Na akawaambia, kwa Kigusii, wote wamesimama uani, na hakunitaja hata mara moja kama niliyekataa. Alisema, "Hivi ndivyo kaka alikuwa anafanya." Wakaitikia kwa vichwa, wengine wakauomba ule waya waushike.

Tulifanya kila kitu kama unavyotaka. Enchogu aliendeshwa kwanza hadi barabarani na kurudi, ili oili ya zamani ipate moto na ishuke na uchafu wake. Ondieki aliingia chini na spana, mimi nikakinga beseni. Nikachota kidogo kwenye sahani nikaipeleka juani kutafuta chembe za shaba. Hakuna kinachong'aa. Ulikuwa umemtunza vizuri. Kwenye difu kila dereva alimwaga kidogo, mmoja baada ya mwingine, kama walivyotupa udongo siku ile, na hakuna aliyewaambia wapange foleni. Ya giaboksi waliniachia. Waliondoka kando wenyewe, wakajifanya wanakagua matairi.

Nilimwaga polepole mpaka ikafika kwenye mdomo wa tundu na kuanza kurudi nje. Nikafunga nati. Halafu nikangoja. Nilikuwa nimepiga magoti, mkono una oili hadi kiwikoni, nangoja useme kwamba nati haijakaza, au nimeikaza mno, au beseni nimeliweka vibaya, au mwanamke gani huyu anafunga nati kama anafunga chupa ya samli. Nilikuwa na jibu tayari. Kila mtu alinipongeza, Baba Kerubo. Hakuna aliyenibishia. Sikujua kwamba kupatia kunaweza kumuumiza mtu namna hii.

Dada yangu nimemwambia siji. Si kwa ajili ya lori tu, ingawa yeye nimemwambia ni lori, ndilo analoweza kulielewa. Ondieki anakuja Jumatano kula maharagwe. Kiswahili chake kibovu, nitamnyoosha.

Makopo ya Ogembo yataisha, na nitarudi kule. Nakuahidi kwamba safari hiyo nitamwambia yule mzee ukweli, nikiwa nimekaa kwenye kiti chake, na nitakaa naye muda wote atakaotaka. Anastahili. Ila si mwezi huu. Mwezi huu niachie duniani mlango mmoja ambao mtu anautazama akisema utaingia.

Kwaheri, mume wangu. Mzee wa Ogembo anakusalimu sana.

Mkeo,
Mama Kerubo